Mstari Mtupu katika Daftari la Papa

Observatory, Johannesburg
5 Machi 2023

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu.

Bado namtunza yule bibi wa Kiailandi, Bibi Fiona Chaumet, na tunaishi nyumbani kwake. Macho yamemwisha ila ulimi mzima: chai ikiwa nyepesi ananigombeza. Miaka thelathini anawatafuta wazee wake. Walikuwa Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa, wakafukuzwa na mfalme kwa ajili ya dini, wakakimbilia Ailandi. Sasa binamu yake wa Dublin ametuma picha za daftari la ubatizo la kanisa lao. Limeandikwa Kifaransa, naye Kifaransa hakijui! Basi namsomea mimi, mkimbizi wa Kalemie. Kile Kifaransa ulichonichapia kimepata kazi.

Papa, binti yangu Fiona ametimiza miaka mitatu. Anauliza babu yake ni nani. Nakuomba umwandike katika daftari la ukoo.

Binti yako,
Hélène

Kalemie
20 Aprili 2023

Hélène,

Salamu. Goti ni lile lile. Barua nimeipata kwa mkono wa Damien, yule fundi cherehani. Nilikuchapa kwa uvivu, si kwa Kifaransa.

Kuhusu mtoto. Kwetu jina hutoka kwa babu. Ulizaa bila kuniletea mwanaume mlangoni, hilo nililimeza. Lakini kumpa mtoto jina la bosi wako, kana kwamba hana watu? Mstari wako nimeuacha mtupu. Utabaki hivyo.

Papa yako,
Ignace

Johannesburg
11 Juni 2023

Papa mpendwa,

Nakusalimu tena. Huku baridi imeingia, Fiona ana mafua kidogo tu.

Nililia, sikufichi. Nilimweleza Bibi Fiona uliyoandika. Akasema, "Eish, mzee wako ana haki. Haya, tuendelee kusoma."

Jumapili iliyopita tukampata mzee wake katika daftari la ubatizo. Mwaka 1702, Chaumet, mfumaji wa kitani, mkimbizi, amemleta binti yake abatizwe. Babu wa mtoto alibaki Ufaransa, hawana habari zake. Chini yake mchungaji ameandika: mtoto amepewa jina la Honora, mwanamke wa mji huu aliyewapokea nyumbani kwake, kwa kuwa ndugu zao wako mbali. Bibi alinishika mkono, tukalia wote wawili.

Papa, siku niliyojifungua, aliyesimama nje ya chumba cha uzazi ni yeye, na mkongojo wake, na uji ndani ya chupa ya chai. Sikukudharau. Sikuwa na mtu mwingine.

Binti yako,
Hélène

Johannesburg
2 Oktoba 2023

Papa,

Natumaini u mzima, maana miezi imepita bila neno lako.

Bibi Fiona alifariki Alhamisi. Tumemzika leo. Siku mbili kabla aliniuliza, "Babu yake ameandika?" Nikamwambia barua iko njiani. Nilimdanganya, Papa, na inaniuma.

Hélène

Kalemie
19 Oktoba 2023

Mwanangu Hélène,

Salamu nyingi kwako, na kwa Fiona. Yale mafua yalipona? Anakula vizuri?

Pole sana kwa msiba. Hukumdanganya. Barua niliianza Julai, nikaichana mara nne. Hasira hasara: imeninyima nafasi ya kumshukuru yule mama angali hai. Nimeona aibu mbele ya mchungaji wa mwaka 1702.

Daftari nimelifungua. Mstari wako sasa unasomeka hivi:

Fiona Feza, binti wa Hélène, wa Ignace, wa Kasongo, wa Mulongo. Feza ni jina la marehemu bibi yake, mke wangu. Fiona ni jina la mwanamke wa Johannesburg aliyewapokea nyumbani kwake, kwa kuwa ndugu zao walikuwa mbali.

Msomee mtoto kwa sauti. Kisha mwende naye kaburini, mkamsomee Bibi Fiona pia.

Babu yake,
Ignace