Kopo Lisilolia

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumanne, tarehe 12.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa, na hilo halibadiliki hata nikiwa na hasira. Habari za huko? Baridi imepungua? Mgongo bado unakusumbua ukiinamia yale masufuria ya jikoni ya hospitali? Na shemeji, na mwanao anayerefuka kila tukipata picha yake? Natumaini nyote ni wazima.

Sisi huku hatujambo. Mume wangu amepata kazi ya kupaka rangi shule nzima, basi kila jioni anarudi na kichwa cheupe kama babu. Mama naye mzima, ingawa siku hizi anatembea humu ndani taratibu, kama mtu aliyevunja glasi ya wenyewe. Mwanao mdogo, huyu niliyemzaa mimi, hajambo. Jina lake la cheti unalijua, ila hapa nyumbani bado tunamwita Mgeni. Sasa yuko mwezi wa pili na amejifunza kucheka. Anamchekea kila mtu, hata wasiostahili.

Najua umepiga simu sana. Simu haijaharibika kama Mama alivyokwambia. Mimi ndiye sikupokea, kwa sababu nakujua: utalia, na wewe ukilia mimi husahau kilichonikasirisha, naishia kukubembeleza. Safari hii sitaki kusahau, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua anakuletea dereva yule yule aliyeleta mzigo wako wa nguo za mtoto. Mzigo ambao, kumbe, haukuwa wa nguo tu.

Dada, nimeliona kopo.

Unaikumbuka rafu iliyo juu ya cherehani yangu, ile ninayopanga makopo matupu ya maziwa na kuyatia vifungo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinicheka kwamba nina duka la maziwa lisilo na ng'ombe. Tangu nijifungue sijashona hata shati, kwa hiyo rafu ilikuwa haina mtu. Wiki mbili zilizopita jirani yetu mwalimu alikuja na blauzi iliyokatika kifungo, akaniomba nimwokoe asichelewe kazini. Nikanyoosha mkono, nikashusha kopo la kwanza, nikalitikisa kama nilivyozoea. Halikulia. Kopo la vifungo lisilolia! Nikafungua, nikakuta unga wa maziwa ya mtoto, umebaki nusu, na kijiko chake ndani. Nyuma ya makopo kulikuwa na chupa ya kunyonyeshea, imeoshwa vizuri na kufunikwa kitambaa. Maandishi ya kwenye kopo ni ya lugha ya huko kwenu. Nilimfungia mwalimu blauzi yake kwa pini, nikamuaga.

Mama hakukana. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaanza kukunja nepi ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. "Usinitazame hivyo, mwanangu," akasema. "Dada yako ndiye kanipigia. Kasema nisipoangalia, mtoto atakauka kama alivyokauka wa kwake. Sasa mimi ningefanyaje? Nimwache?" Akakiri kwamba lile lilikuwa kopo la pili. Kila nilipoingia kuoga, na kila nilipojilaza mchana, alikuwa akimchukua Mgeni chumba cha nyuma "kumbembeleza".

Hebu nikukumbushe nilivyokwambia, maana huenda umesahau. Ile wiki ya kwanza nilikupigia nikiwa bafuni, bomba limefunguliwa ili nisisikike. Nilikwambia mtoto analia akitafuna ngumi, matiti yangu laini kama mfuko mtupu, nimekamua kwa mkono na hata kijiko cha chai hakikujaa. Nilikwambia naogopa. Halafu nikakuomba jambo moja tu, usimwambie Mama, kwa sababu ningejisikia nimeshindwa mbele yake, yeye aliyetunyonyesha sote huku anauza sokoni. Ukaniambia, "Hilo limekufa hapa, mdogo wangu." Kumbe lilikuwa linavuta pumzi tu, likaenda kumwamkia Mama siku hiyo hiyo.

Lakini ungemwambia na yakaishia hapo, ningenung'unika siku mbili nikanyamaza. Kinachoniuma ni kingine.

Mtoto alipoanza kulala vizuri na mashavu kujaa, mimi nilifurahi. Mama alikuwa akinirudishia mtoto amelegea, anacheua, ananiambia, "Mtazame huyu, kalewa maziwa ya mama yake." Nami nikavimba kichwa! Nikasema basi, uoga wangu ulikuwa wa bure, mwili wangu umefanya kazi. Nikakupigia wewe wa kwanza kabisa. Nakumbuka nilikuwa napiga kelele kwa furaha: maziwa yametoka, dada, yametosha! Ukacheka. Ukasema, "Hongera, mdogo wangu, nilijua tu." Ulijua, ndiyo. Ulijua kilichomo kwenye kopo, na bado ukaniacha nicheze ngoma peke yangu. Watu husema mtu kapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi mlinipaka kwa chupa yenyewe.

Na aibu haikuishia ndani. Yule msusi wa ghorofa ya juu amejifungua baada yangu, naye alikuwa analia kwamba maziwa hayatoshi. Mimi, mtaalamu wenu, nikapanda ngazi kumfundisha. Nikamwambia awe na subira, anywe maji, aachane na mawazo ya chupa, atazame mashavu ya Mgeni aone matunda ya subira. Siku niliyoona kopo ilinibidi nipande tena zile ngazi nikamwambie kwamba mashavu yale si ya subira. Sijawahi kuona ngazi ndefu vile. Yeye akasema, "Shoga, mimi nilishaanza kumpa chupa kitambo. Nilikuwa nakuficha wewe usinione mvivu." Tukacheka hadi watoto wakaamka. Niliporudi chini nililia.

Baba Mgeni nilipomuuliza, akasema aliwahi kumwona Mama na chupa, akadhani tumekubaliana. Kwa hiyo humu ndani asiyejua alikuwa mwenye matiti peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Nilikwenda kliniki nikamweleza muuguzi yote. Hakunigombeza. Alisema ziwa halina akili ya kukisia: mtoto akivuta kidogo, nalo linatengeneza kidogo. Kumbe ndiyo maana jioni Mgeni alikuwa akilisukuma ziwa na kulia kwa hasira. Amezoea kitu kinachomiminika bila jasho, mimi ninamletea kazi. Na kila alipokunywa kule chumba cha nyuma, huku kwangu palikuwa panapungua. Nilichokiogopa mwanzoni kikaja kweli, na ninyi ndio mliokifungulia mlango.

Basi kopo nimelimaliza mwenyewe, mchana kweupe, kama muuguzi alivyonielekeza. Kwanza ziwa, tena mara nyingi, mpaka nimekuwa kama kibanda kisichofungwa, ndipo namwongezea chupa, kila siku nikiipunguza kuliko jana. Maziwa ya kopo si sumu, sina ugomvi nayo. Kama ungenipigia ukasema, "Naogopa, nakutumia kopo, ulitumie ukiona haja," ningelipokea kwa mikono miwili, na huenda ningelitumia.

Najua uoga wako ulitoka wapi. Sijasahau mwanao wa kwanza alivyokuwa mifupa mitupu kwenye blanketi la hospitali, na wewe umesimama pembeni huna la kufanya. Mungu alimrudisha, na leo ndiye huyo anayerefuka, lakini wewe naona hukurudi wote. Nimelifikiria hilo sana nikiwa nanyonyesha. Linanifanya nikuelewe, ila halinifanyi nisiumie. Uliogopa, sawa. Kwa nini hukuogopea kwangu, ukaogopea nyuma ya mgongo wangu?

Mliyoniibia si maziwa, dada. Wiki zile za kwanza sitazipata tena. Nikishika mkono wa Mgeni, ile minofu ya kwenye kifundo, sijui kipi changu na kipi cha kopo. Labda maziwa yangu yangetosha. Labda yasingetosha. Nilikuwa na haki ya kujua, hata kama jibu lingekuwa baya, na sasa sitajua kamwe.

Mama nimemwambia abaki. Alikuwa ameshafunga begi. Nilimwambia anayeondoka na begi anaacha maneno, na mimi nimechoka na maneno. Sasa anamwogesha Mgeni mbele yangu, na kila anachotaka kumfanyia ananiuliza, hata kumkata kucha. Nikimwona anavyoniuliza kwa woga nasikia huruma, lakini sijamwambia yaishe.

Tangu Jumamosi kopo ni tupu, na Mgeni ananyonya kwangu peke yangu. Wakati mwingine anashiba, wakati mwingine ananitazama kama mteja ambaye nguo yake haijawa tayari. Jumatatu ijayo nampeleka kliniki kwenye mizani. Safari hii uzito wowote utakaosomeka, mkubwa au mdogo, ni wangu. Naogopa, tena kuliko siku ile ya bafuni.

Kabla ya hapo usinipigie. Nitakupigia mimi nikitoka kliniki. Nikikwambia ameongezeka, sema hongera. Nikikwambia amepungua, usinipe hongera, usimpigie Mama, usitafute dereva. Niambie mimi unachoogopa, nami nitakuambia ninachoogopa, tukae hivyo hivyo kwenye simu.

Msalimie sana shemeji. Mwambie mwanao mama yake mdogo anamkumbuka. Vile vifungo ulivyoniomba kwa ajili ya koti lake la shule nimevipata, vya rangi ile ile. Nimekutilia ndani ya kopo lako. Litikise kabla hujafungua, usikie.

Mungu akulinde, akupoze mgongo na moyo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata wiki hii,

Sindano