Redio ya Ubelgiji

Louisville, 31 Desemba 2021

Hata leo hakuniacha nilale. Nimetoka shifti ya usiku kule ghalani, mgongo unauma, na Papa, baba mkwe wangu, amefungua ile redio ya Ubelgiji kwenye simu, sauti juu kabisa. Walikuwa wanakumbusha matukio ya mwaka mzima.

Nikashindwa kujizuia. "Papa, tuko Kentucky! Mambo ya Ubelgiji yanatuhusu nini?"

Hakukasirika. Alipunguza sauti, akanielezea polepole. Wafanyakazi wa treni walipogoma, aliomba Furaha, binti yake wa Liège, asifukuzwe kazi kwa kuchelewa. Wakati wa mafuriko ya Julai, hakula mpaka Furaha alipopiga simu kusema maji hayakufika kwake. Timu yao ilipotolewa kwenye mpira, alihuzunika sababu wajukuu walilia.

"Donc, yaani, mtoto wangu haniambii shida zake," akasema. "Redio ndiyo inaniambia siku ya kumwombea."

Hasira ikaniisha. Nikamchemshia chai, nikakaa karibu naye kusikiliza, ingawa Kifaransa chao kinakimbia sana.

Ilipoisha akanigeukia. "Na kaka yako, kule kambini Nyarugusu? Mwaka wao ulikuwaje?"

Nikamwambia ukweli: kaka husema tu, "Tuko salama." Na sijawahi kusikia redio yoyote ikisimulia mwaka wa wakimbizi wa kule.

Papa akazima simu.

"Bon, haya," akasema. "Huyo basi tutamwombea kila siku."