Eugene Amenivua Nguo Matangani

Hamida, uko? Siamini yaliyonipata huku Likuyani sasa hivi.

Unamkumbuka yule mzee wa saratani ya koo, wodini kwetu mwaka wa tisini na sita? Nimekuja kumzika ndugu yake. Eugene, mwana wa mzee huyo, akashika maikrofoni, akaninyooshea kidole: "Daktari huyu alimwacha baba ateseke. Baba alimwomba sindano ya kufa, akakataa!" Mbele ya watu wote!

Eugene, Hamida!! Si ndiye alikuwanga anatutisha, "Mkimdunga baba sindano ya kufa nitawafunga jela"?

Nikasimama. "Baba yako aliniomba kila asubuhi. Alinishika mkono akasema, 'Binti yangu, nilaze kabisa.' Morfini ya kutuliza maumivu ilikuwa imeisha, nami nilienda kulia chooni. Wewe ulikuwa wapi asubuhi hizo?"

Akanijibu, "Una roho ya jiwe." Roho ya jiwe, Hamida! Mimi!

Nikachukua mkoba niondoke. Ndipo mama yake akainuka, akamnyang'anya maikrofoni. "Mwache daktari. Hata mimi aliniomba nimfunike uso kwa mto. Nilishindwa. Basi niite jiwe mimi pia."

Nikatoka. Mimi niko ndani ya gari, hata kuliwasha sijaweza.