Makaa Chini ya Nyumba ya Baba

Alhamisi, Novemba 1999

Laiti nisingempeleka baba mkwe ofisini Ruiru leo. Alitoka Kitui kutusalimia hapa Kamenu, nikataka tu aone kazi ninayofanya.

Nikamfungulia kompyuta. Ardhi ya kwao ikazunguka kwenye skrini kama imekatwa kwa kisu, na tabaka jeusi la makaa ya mawe likapita kutoka shimo letu moja la utafiti hadi lingine. Shamba lake liko katikati.

"Kumbe makaa yako chini ya nyumba yangu," akasema. "Basi nilifanya vizuri."

"Ulifanya nini, Baba?"

"Niliposikia mnatafuta makaa kwetu, nilimsimamisha fundi wa paa. Mabati ya zamani tulishatoa, lakini ya nini kuezeka nyumba ya kubomolewa? Mama yenu analala jikoni kwa sasa."

Hapo katikati hatujachimba hata shimo moja. Kompyuta imeunganisha tu pande mbili, na mimi ndiye niliyeiambia iunganishe.

"Mama Ndinda," akaniuliza, "hii mashine hudanganya?"

"Haidanganyi, Baba. Inakisia. Huenda hapo hakuna kitu."

Tukarudi nyumbani. Wakati wa chakula akamwambia mume wangu kwamba kesho anarudi Kitui kumtafuta fundi. Nikapumua kidogo.

Lakini mvua imeanza, na mama yuko jikoni. Halafu Jumatatu bosi anataka hesabu ya makaa yote, pamoja na hayo ya katikati. Nikimpa, ni akina nani wengine watakaosimamisha mafundi wao?