Bénite amezimisha moto wa bamama

Jacob ndugu yangu, uko? Bénite amenipatisha haya. Mutoto wangu mwenyewe!

Bamama ba kanisa hapa Bulengera balikuwa banapikia bakimbizi ba Beni maharagi. Leo Bénite amefika na jeep ya ONG, lile shirika la misaada anatumikia. Eti: «Bamama, musimamishe kwanza. Tufanye évaluation, tuandike nani anakosa nini.»

ÉVALUATION! Bamama bakamuheshimu, bakazima moto.

Njo ile diplome yake ya master, ya kusomea namna ya kusaidia batu. Bakubwa ba serikali banashindwa kutulinda, sasa batu ba bureau banatuzimia na moto.

Nikamuuliza: «Mama yako alipokufa, majirani balituletea maharagi. Nani alifanya évaluation?»

«Papa, hapana kusema ivo mbele ya batu.» Akapanda jeep, akaenda.

Sasa batoto ba Beni banasimama na sahani ku mulango yangu: «Papa Bénite, évaluation imeisha?»

Jacob, nibajibu nini?