Nilivyomfupisha Mama Riziki

Jumatatu, 4 Machi 2013
Foleni ndefu tena kituo cha afya, hapa kambi ya wakimbizi Nakivale, Uganda. Mama Riziki karudi, mara ya tano. Tumbo linawaka. Kasema pia halali, machozi yanamtoka shambani bila sababu, asubuhi hatamani kuamka. Nikamtafsiria daktari kwa Kiingereza: tumbo. Machozi nikayaacha, ni mambo ya nyumbani. Kapewa dawa zilezile za vidonda vya tumbo.
Mimi mwenyewe moyo umenidunda mchana kutwa. Nimepima malaria. Hakuna.

Alhamisi, 7 Machi
Moyo tena. Vidole ganzi. Nimeacha chai. Hakuna nafuu. Nakasirika ovyo.

Jumanne, 12 Machi
Hospitali ya Mbarara na Mama Riziki. Wamempitisha mpira kooni, wakachungulia tumbo. Safi. Nilidhani atafurahi. Garini, karibu tufike, akaniuliza:
“Mwalimu, kama habakuona kitu, njo kusema niko mubongo?”
Mwongo? Ananiita mwalimu kwa kuwa nilifundisha Uvira, kwetu Kongo, miaka kumi. Maumivu nimeyaona yakimkunja. Tumbo halina kitu. Vyote viwili kweli? Sielewi.

Ijumaa, 15 Machi
Jirani yake kanisimamisha asubuhi. Mama Riziki amegawa sufuria zote, na mbegu za maharage. Hapa watu hugawa vyombo wakipata safari ya Ulaya au Amerika. Jirani alikuja kuuliza ni nchi gani. Hana safari yoyote.
Nikakimbia. Nimemkuta mlangoni, ameoga, amevaa kitenge cha kanisani. Nimekataa kuondoka bila yeye.
Kwa daktari nikasema yote. Usingizi, machozi, asubuhi, sufuria. Nje watu walinung’unika tunachelewesha. Daktari akaweka kalamu chini, akataka nimwulize kama anafikiria kufa. Nikamwuliza. Akaitikia kwa kichwa.
Daktari kasema tumbo linauma kweli, ila ugonjwa unaanzia kwenye huzuni. Kapewa dawa nyingine. Dada yake atalala naye, muuguzi atampitia kila siku.
Tukitoka Mama Riziki akaniangalia.
“Leo umesema mingi. Siku ingine ulikuwa unasema kidogo tu.”
Kiingereza hakijui. Alikuwa akisikiliza urefu wa maneno yangu. Nimeona aibu sana.

Jumatatu, 18 Machi
Mvua kidogo. Mama Riziki amekula ugali, dada yake kaniambia. Tumbo bado.
Kabla ya kufunga nikabaki na daktari, nikamweleza kuhusu moyo wangu. Akauliza kama kuna kingine. Nikasema hakuna. Vidole na hasira sikuvitaja. Sijui kwa nini.