Mikono Isiyogusana

Torino, 9 Machi 2025

Baba, shikamoo. Mama namwamkia. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea.

Nimempa Sista Rahabu, anayerudi Kigoma, sarafu ya fedha ya ukumbusho wa Jubilei. Imechorwa Petro akizama ziwani na Bwana akimnyooshea mkono. Mpe mama. Labda atakubali tumzike kaka Thobias.

Mwanao, Winfrida

Ujiji, 2 Mei 2025

Mwanangu, marahaba. Sisi hatujambo, ila macho ya mama yako yamezidi ukungu.

Sarafu imefika. Nilimweleza mama yako kwamba mchongaji huchagua nukta moja tu ya tukio, na huyu amechagua kabla mikono haijakutana. Akapapasa, akapitisha ukucha katikati, akaniuliza.

"Mwalimu, mbona hawajashikana?"

"Katika Injili, mstari unaofuata anamshika."

"Huo mstari uko wapi?" Akaigeuza. Nyuma kuna mwaka tu.

Sasa anasema Thobias hazikwi mpaka washikane. Miaka miwili tangu boti ya Kagunga izame naye, na mgomba wa kuzika badala ya mwili usiopatikana nimeukata mara mbili, ukaoza mara mbili.

Baba yako

Torino, 20 Agosti 2025

Baba, shikamoo. Barua zangu mbili hujajibu. Mnaendeleaje?

Verediana wa jirani ameniambia mama anaisugua sarafu ziwani kila asubuhi kwa mchanga, kama sufuria. Mzuie, baba! Fedha ni laini, picha itafutika. Nimenunua nyingine kama ile. Niitume?

Mwanao, Winfrida

Ujiji, 14 Septemba 2025

Mwanangu, marahaba. Mama yako anakula, na analala. Nisamehe kimya changu.

Nilimwona akisugua, nikamwacha. Kila alipotoka ziwani alipitisha ukucha, akasema, "Bado." Jumanne akaja mbio.

"Mwalimu, hakuna nafasi! Hebu tazama, wameshikana?"

Nikavaa miwani. Mkono wa Bwana umeisha mpaka begani. Wa Petro pia haupo. Kilichobaki ni kichwa chake juu ya mawimbi, mdomo wazi.

Miaka thelathini na minne nimefundisha watoto kusoma kilichoandikwa, si wanachokitamani. Nikamwambia, "Wameshikana, mama Thobias."

Jana tumezika mgomba wa tatu. Aliuosha mwenyewe, akauvika shati la kaka yako. Watu waliimba vizuri. Mimi sikuweza, kila nilipofungua kinywa niliuona ule mdomo.

Hiyo nyingine usiitume.

Baba yako